Mawe Yanayojua Mkono

Mzee Masalu Ng'wandu, msemaji wa wafugaji, aliingia ukumbini, akamsogelea Mama Twilumba Semalenga wa wakulima, akamsalimia kwa lugha ya mama huyo, "Kamwene." Mama Twilumba, ambaye mwaka uliopita hakutaka hata kumtazama mzee yule usoni, akacheka na kumjibu kwa Kisukuma, "Mwangaluka, baba." Wakaulizana habari za wajukuu, za ng'ombe na za mvua, kama watu waliooleana.

Sekela Mwambeta aliyaona hayo kutoka kwenye kiti chake karibu na dirisha. Wenzake wa Mamlaka ya Mabonde wangeyaona wangepiga makofi. Yeye hakuyaamini.

Kazi yake ilikuwa kutathmini vyombo. Tangu sheria mpya ipite, maji ya kila bonde yaligawanywa na watu wenyewe wanaoyatumia. Wawakilishi walikaa chini, wakafikia mgawo, wakabandika viganja vyao kuuthibitisha, na papo hapo malango ya chuma kwenye mabanio ya maji yalijifungua na kujifunga yenyewe huko mbali mtoni. Baada ya hapo hapakuwa na ofisa wa kumlalamikia wala fundi wa kumhonga. Mgawo ulikaa hivyo kwa muongo mzima. Kwa sababu hiyo lilikuwa jambo zito kujua watu wautengeneze mgawo huo kwa chombo gani, na Sekela alitumwa Lwandule kuvilinganisha viwili.

Cha kwanza kilikuwa kioo. Kilijaza ukuta mzima, na ndani yake bonde lote la Lwandule liling'aa: mto, skimu za mpunga upande wa chini, malisho na malambo ya kunyweshea ng'ombe upande wa juu. Ukitaka maji yahame, uliburuta kidole tu. Namba zilipanda huku na kushuka kule, na asiyependa akaburuta kurudisha. Kilikuwa chepesi na kisafi, na wataalamu walikipenda. Ila vidole vya wafugaji, vilivyokauka na kupasuka kwa kamba na jua, kioo kilivikataa mara kwa mara, hata mzee mzima akawa analamba kidole mbele za watu ili kioo kisikie. Tena wote walisimama wakitazama ukuta. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Siku ya mwisho ya kioo, Mzee Masalu aliyaburuta maji yote ya mfereji mkuu akayapeleka malishoni kwa mpigo mmoja, mkulima mmoja akayarudisha, na kikao kikaishia kwa viti kuruka.

Cha pili kilikuwa meza. Injinia Yoeli Mshana, aliyeibuni, alichonga bonde lote juu yake kwa mbao, vilima vikiwa vilima na mto ukiwa mfereji wa kweli unaoweza kuupitishia kidole. Maji yalikuwa mawe meusi, laini, ya kujaa kiganjani. Kila jiwe lilikuwa fungu la maji. Hukuweza kulihamisha jiwe lililo mkononi mwa mwenzako. Ilibidi umwombe, naye akupe. Chini ya mbao kulikuwa na nyaya na sumaku, na Yoeli aliwaeleza tangu siku ya kwanza kwamba ukilisukuma jiwe kuelekea mfereji usioweza kubeba maji hayo, litakuwa zito. Walijaribu wote, wakacheka. Kisha wakakaa, wakizunguka meza, wakitazamana.

Miezi haikuwa mingi, mgawo ukawa umekaribia kukamilika. Sekela alikuwa ameshaandika rasimu ya maoni yake: meza itumike nchi nzima. Aliipenda meza ile. Na hilo nalo lilimtia shaka, kwa kuwa kila mtu aliyeigusa aliipenda.

Asubuhi hiyo lilibaki jiwe moja, la maji ya Mkoga. Mkoga ni dimbwi pana mtoni, mpakani mwa malisho na mashamba. Hapo ndipo wafugaji na wakulima walipopigana ukame uliopita, na watu wakazikwa pande zote mbili.

Mzee Masalu alilishika jiwe. Taya zake zilikaza. Akaanza kulisukuma kuelekea malisho, na Sekela akaona mishipa ya mkono wake ikisimama kama ya mtu anayesukuma gari lililokwama. Jiwe likaenda kidogo, likagoma. Mzee akafumba macho. Akashusha pumzi. Uso wake ukalegea, ukawa kama wa mtu anayesikiliza jambo kutoka chumba cha pili. Kisha akaligeuza jiwe upande wa mashamba, nalo likateleza kama limepakwa mafuta.

"Basi," alisema kwa sauti ndogo. "Liende kwenye mpunga."

Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele. Ikakubaliwa kwamba watu wakale kwanza, wakirudi wabandike viganja. Sekela alibaki amekaa. Mwezi uliopita alikuwa amepita Mkoga kwa miguu. Mkondo wa kwenda malishoni ulikuwa mpana kiasi cha kupitisha trekta. Hapakuwa na mfereji mwembamba pale, wala mwamba. Sasa jiwe liligomea nini?

* * *

Ukumbi ulipobaki mtupu, Sekela alikwenda jikoni nyuma, akawaomba wapishi mizani yao ya ndoano, ile waliyopimia nyama. Wakamtazama, wakampa.

Alilifunga jiwe la Mkoga kwa kamba, akatia ndoano ya mizani, akalivuta kuelekea malisho. Mshale wa mizani haukutikisika ila kidogo sana. Akalivuta kuelekea mashamba. Vilevile. Akarudia, akarudia tena. Jiwe lilikuwa jepesi pande zote.

Akatoa kamba, akalisukuma kwa mkono. Jepesi.

Aibu ikamwingia. Alijiona kama mtu aliyekaribishwa chakula akaanza kukagua sahani. Alikuwa anajiandaa kurudisha mizani jikoni alipokumbuka taya za Mzee Masalu. Mzee hakulisukuma jiwe lile hivihivi. Alilisukuma kwa hasira.

Sekela aliweka kiganja juu ya jiwe na kumfikiria kaka yake, Ambilikile. Mama yao akiwa bado amelazwa, Ambilikile aliiuza nyumba, na mama alitoka hospitali akakuta watu wengine wanaanika nguo uani kwake. Miaka imepita, lakini Sekela hakuhitaji kuitafuta hasira ile mbali. Ilikuwa palepale ilipo siku zote, chini kidogo ya koo. Moyo ulianza kwenda mbio, kiganja kikatoa jasho. Akasukuma.

Jiwe liling'ang'ania ubao kama limezama kwenye tope.

Akasukuma zaidi, mpaka kiwiko kikauma. Kisha, kwa kuchoka, akaacha. Akashusha pumzi. Na jiwe likalainika chini ya mkono wake, likaanza kwenda kama lenyewe, taratibu, likimfuata na kumwongoza kwa pamoja. Ilikuwa raha. Ilikuwa kama kupapaswa mgongoni na mtu anayekupenda. Kwa muda mfupi Sekela alijikuta amemsamehe kaka yake, kabisa, bila sababu yoyote.

Akauondoa mkono kama aliyeshika chungu cha moto.

"Wewe ndiye wa kwanza kwenda kutafuta mizani," sauti ilisema nyuma yake.

Yoeli Mshana alikuwa amesimama mlangoni na sahani ya pilau mkononi. Alikuwa mwanamume mwembamba, mpole, ambaye Sekela hakuwahi kumsikia akipandisha sauti. Aliweka sahani dirishani, akakaa upande wa pili wa meza.

"Linasoma nini?" Sekela aliuliza.

"Jasho. Mapigo ya moyo. Jinsi vidole vinavyobana. Mtu akisukuma kwa hasira, linakuwa zito. Akitulia, linateleza. Hakuna zaidi ya hapo, Sekela. Halijui mkulima wala mfugaji. Halichagui upande."

"Linachagua."

"Linachagua utulivu."

"Na nani mwenye hasira pale mezani?" Sekela alisema. "Aliyedhulumiwa zaidi, si ndiye? Masalu amepoteza malambo mawili na mtoto. Ana hasira kuliko wote. Kwa hiyo jiwe limekuwa zito kwake kuliko kwa wote. Halafu unaniambia halichagui upande."

Yoeli aliokota jiwe moja, akaligeuzageuza.

"Uliona kioo," alisema baadaye. "Kile kitufe cha kijani cha kukubali kilikuwa kikubwa kama sahani, na cha kukataa kimefichwa pembeni. Mpunga ulichorwa kwa rangi ya kupendeza, malisho yakachorwa kama jangwa. Hicho nacho hakisukumi? Kila chombo kinasukuma. Kioo kilisukuma macho, na watu wakatoana damu. Mimi nimesukuma mkono, na leo wanasalimiana."

"Kitufe mtu anakiona. Anaweza kusema hiki kitufe ni kikubwa mno, kipunguzwe. Hili hawalioni. Wanadhani ni wao wenyewe."

"Ningewaambia, lisingefanya kazi."

"Ndiyo hoja yangu."

"Hoja gani?" Kwa mara ya kwanza sauti yake ilitetereka. "Nilikuwapo siku ile Mkoga, Sekela. Nilikwenda kufunga vipimo vya maji, nikaishia kubeba watu. Ukiwaambia leo, watarudi kulekule. Utakuwa umesema ukweli, na mtu mwingine atakufa kwa ajili yake. Uko tayari kwa hilo?"

Sekela hakuwa tayari. Nje watu walikuwa wanacheka kivulini, wafugaji na wakulima wakichangia sinia. Alijiuliza kama kicheko kile nacho kilitoka kwao au kilitoka mezani, kikawafuata nje. Akagundua kwamba kuanzia sasa hatajua tena, na kwamba akinyamaza watakuwa peke yao, yeye na Yoeli, wakiwatazama watu hawa kwa jicho hilo kwa muongo mzima.

"Kula pilau yako," alimwambia. "Inapoa."

* * *

Waliporudi, Mama Twilumba alikuwa ameshakunja mkono wa gauni ili abandike kiganja. Sekela alisimama.

"Naomba msibandike bado," alisema.

Aliwaeleza kwa maneno ya kawaida. Mawe haya yanausoma mkono. Ukiwa na hasira yanakuwa mazito, ukitulia yanakuwa mepesi. Hamkuambiwa, nami nimejua leo, mlipokuwa mnakula. Mlichokubaliana huenda ndicho mlichokitaka. Huenda sicho. Mimi siwezi kujua, na nyinyi pia hamwezi kujua, mpaka haya mawe yazimwe.

Minong'ono ikaanza, kisha mkulima mmoja nyuma akapaza sauti, "Tulishakubaliana! Huyu dada anataka nini?"

"Nyamaza, wewe," Mama Twilumba alimwambia bila kugeuka. Alikuwa anautazama mkono wake. "Mimi niliusikia uzito. Nikadhani ni kiwiko. Nina baridi yabisi. Nikasema moyoni, nimezeeka, nisigombee sana."

Mzee Masalu alikuwa ameweka mikono yake mezani, mitupu, akiitazama kama ya mtu mwingine.

"Nilidhani ni Shija," alisema.

Hakuna aliyemuuliza Shija ni nani. Kila mtu pale alilijua kaburi lake.

"Tangu vikao vilivyopita, kila nikilisukuma hilo jiwe la Mkoga kwa hasira, nasikia mkono umeshikwa. Umeshikwa hivi, kwa upole. Nikajua ni kijana wangu. Alikuwa hapendi ugomvi, yule. Nikamwambia mama yake nyumbani, mtoto amekuja, amesema tuwaachie maji. Mama yake tangu msiba alikuwa hali chakula. Siku ile akala." Akainua macho, akamtazama Sekela. "Leo nikamwambie nini?"

Sekela alikuwa amejiandaa kwa matusi, kwa viti kuruka tena. Kwa hili hakujiandaa.

Yoeli aliinuka alipokuwa amekaa. Bila kumwangalia mtu, alipiga magoti, akaingia chini ya meza, na kusikika akihangaika na kitu. Mvumo mdogo ukakatika. Ulikuwapo muda wote, na mpaka ulipokatika hakuna aliyekuwa akiusikia.

"Nimechomoa," alisema kutoka kule chini. Hakutoka haraka.

Mzee Masalu alilichukua jiwe la Mkoga. Alilisukuma kidogo kuelekea malisho, kidogo kuelekea mashamba. Halikumwambia kitu. Akaliinua juu kabisa, akalifumbata.

"Sasa nimuulize nani?" alisema.

"Niulize mimi," Mama Twilumba alisema. "Mimi nipo."

"Nikuulize wewe?"

"Niulize, baba."

Mzee alimtazama muda mrefu. Sekela aliiona hasira ikimpanda, kuanzia shingoni, bila kitu cha kuishusha. Yoeli alikuwa ametoka chini ya meza na amesimama mlangoni, rangi imemtoka.

"Nani alimpiga Shija?" Mzee Masalu aliuliza.

Hakuna aliyewahi kuuliza swali hilo. Tangu meza iletwe Lwandule, katika vikao vyote vile vya upole, halikuwahi kutamkwa. Sekela alielewa kwa nini: mawe yalikuwa yameizima hasira ya kuliuliza.

Mama Twilumba aliwageukia watu wake. "Tokeni nje," alisema. "Wote. Na nyinyi wa upande wa mzee, naombeni mtoke."

Wakasitasita. Mzee Masalu akawapungia mkono watu wake, nao wakatoka. Sekela alitoka wa mwisho, akafunga mlango.

Nje alisimama na Yoeli ukutani. Wafugaji walikuwa wamejikusanya upande mmoja wa uwanja, wakulima upande wa pili, masinia matupu katikati. Hakuna aliyecheka tena.

"Wakiuana humo ndani?" Yoeli aliuliza.

"Sijui."

"Hukuwaza hilo?"

"Niliwaza," Sekela alisema. "Nyamaza nisikilize."

Alisikia sauti ya Mama Twilumba, ya chini, ikiendelea kwa muda. Akasikia kiti kikianguka, na Yoeli akashika kitasa. Sekela akamshika mkono. Ikafuata sauti ya Mzee Masalu, kubwa, maneno ya Kisukuma ambayo hakuyaelewa, yakifuatana bila pumzi. Kisha kimya, kirefu mpaka mmoja wa wafugaji akaanza kuja mlangoni na fimbo yake. Kisha sauti ya Mama Twilumba tena.

Jua lilikuwa limeshapita upande wa pili wa paa mlango ulipofunguliwa. Mama Twilumba alikuwa amekaa, kitenge kimemfunika uso. Alama za viganja viwili zilikuwa zimeshabandikwa ukingoni mwa meza. Jiwe la Mkoga lilikuwa upande wa malisho.

"Nani amelisogeza?" Sekela aliuliza.

"Mimi," alisema mama yule chini ya kitenge.

Sekela aliinama akatazama chini ya meza. Waya ulikuwa umelala sakafuni, umechomolewa. Hata hivyo aliuvuta mpaka mwisho wake, ahakikishe hakuna mwingine.

Mzee Masalu alikuwa anatoka. Sekela alimwahi barazani.

"Mzee, mmemaliza?"

"Maji tumemaliza," alisema. Sauti ilikuwa imemkauka. "Aliyempiga ni mdogo wake huyo mama. Kamlea mwenyewe tangu utoto. Kesho tunakwenda kituo cha polisi, mimi na yeye, kumpeleka."

"Pole, mzee."

"Usinipe pole. Mama yake Shija bado hajajua lolote. Ndiyo naenda kumwambia mkono haukuwa wa mtoto."

Alishuka ngazi za baraza. Watu wake wakampisha. Alipofika kwenye nguzo ya geti alisimama kama aliyesahau njia, kisha akainua ngumi akaipiga nguzo ile, akaipiga tena, na tena, akitoa sauti ambayo Sekela hakuwahi kuisikia kwa mtu mzima. Wafugaji walisimama tu. Upande wa pili wakulima waliinamisha vichwa.

Sekela alishuka ngazi moja ili amfuate amshike mkono. Akaacha. Mkono ule ulikuwa umeshikwa vya kutosha.